Humusi

Usiku wa Ijumaa tulimwaga mifuko juu ya kitanda cha Daiahun:
rupia mia sita na arobaini, kifungo cha shati,
na risiti ya viatu tulivyovirudisha dukani.
Ibanri akaandika hewani kwa kidole,
akagawa kwa tano, akafuta, akagawa tena.
"Mia moja ishirini na nane kila mtu," akasema.
"Kwenda, kula, kurudi, na kutokufa."

Kutoka Shillong hatukupanda teksi.
Tulidandia lori la chokaa lililokuwa likirudi tupu kusini,
dereva akatutoza tambuu tano na hadithi moja,
hadithi akaikataa katikati, akadai nyingine.
Tulishuka tukiwa weupe mpaka kope,
wazee watano waliotoroka wodini.

Mlima wetu huu ni wa kinyume: safari huanzia kileleni.
Waliosema ukipanda mchongoma kushuka ndiyo ngoma
hawakuzijua ngazi hizi, elfu mbili na ushei,
za mawe, za utelezi, zenye kelele za nyenje,
ambapo kushuka ni utangulizi tu
na ngoma yenyewe inakusubiri jioni, ukiwa na njaa.
Mayai mawili ya kuchemsha, watu watano.
Jaribu wewe.

Chini, kwenye zamu ya njia, kamba.
Nyuma ya kamba, mtoto wa miaka kumi na moja,
kitabu cha tiketi gotini, daftari la hesabu juu yake.
"Hamsini kila kichwa."
Ukitoa nauli ya kurudi, tulikuwa na mia mbili na ishirini.
Tulimbembeleza. Tulimsifia kofia.
Akatuonyesha vishina: kijiji huvihesabu kila Jumapili,
na mama yake ndiye anayehesabu.

Pynshngain akaketi juu ya jiwe.
"Maji nimeyaona," akasema. "Kwetu huingia mpaka jikoni."
Tukamwacha.
Naiandika hivyo hivyo, bila kuipaka asali:
tulimwacha, na hakuna aliyegeuka mara mbili.

Maporomoko yalijifunua kwa dakika tatu, labda nne.
Kitbok alikuwa anafunga kamba ya kiatu.
Ibanri alikuwa anahesabu chenji.
Mimi nilikuwa nagombana na simu, chaji asilimia mbili.
Daiahun alitazama, lakini alikuwa analia,
kwa jambo lake, hatukumuuliza.
Kisha ukungu ukapanda kutoka bondeni
ukafunga duka.

Ndipo akatokea Pynshngain, anakimbia, anateleza, anacheka:
mtoto alikwama kwenye humusi ya machungwa tisini na tano,
na walipomaliza ukurasa akaifungua kamba mwenyewe.
"Mwalimu hulipwa," alimwambia, "halipi."
Akasimama mbele ya weupe ule.
Ngurumo ilikuwapo, manyunyu yalikuwapo, maji hayakuwapo.
Kitbok akafungua kinywa amweleze.
"Nyamaza," akasema. "Usiniharibie."

Rupia ishirini zilizobaki zilinunua nanasi, chumvi na pilipili.
Ibanri alilikata pale kwenye kamba, vipande sita,
na yule mtoto, juisi ikimchuruzika mpaka kiwikoni,
akauliza kama sita nayo ina jina.
"Sudusi," tukamjibu kwa pamoja,
tukazikabili ngazi.

Sasa Ibanri yuko Chennai, anahesabu fedha za watu.
Daiahun, kitinda mimba, amerithi nyumba ya mama yake
pamoja na paa linalovuja na wajomba wanaokuja kula.
Tukikutana, mara moja kwa miaka miwili,
mtu lazima aulize juu ya siku ile,
na anayejibu ni Pynshngain.
Anaeleza jinsi maji yalivyofika ukingoni yakasita,
kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani,
jinsi yalivyokuwa ya kijani kabla ya kuwa meupe,
na ndege mmoja mdogo, mweusi, aliyepita nyuma ya pazia lake.

Sisi wanne tunatafuna tambuu, tunatikisa vichwa.
Yule ndege
hata mimi sasa namkumbuka.